Mwisho bila hodi: uchambuzi wa kisa cha jioni ya filamu katika makao ya watoto

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kilitokea katika makao ya watoto ambako nilikuwa mratibu wa shughuli za jioni. Majina, nchi na mwaka nimeviondoa, pamoja na vijambo vidogo ambavyo mtu wa karibu angevitambua. Umri wa watoto wawili nimeusogeza kidogo. Mfuatano wa mambo sikuugusa, wala makosa. La kwanza ni langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyechagua filamu.

Wahusika ni mvulana wa miaka 12 aliyekuwa katika mwaka wake wa nne makaoni. Binti wa miaka 6. Mlezi wa zamu, ambaye watoto humwita Dada. Mlezi mkuu, ambaye sote, wakubwa kwa wadogo, tunamwita Mama. Na ofisa ustawi wa jamii aliyekuwa akishughulikia faili la mvulana.

Filamu yenyewe

Tulionyesha Shazam! ya mwaka 2019. Billy Batson ana miaka 14, yuko Philadelphia, na amekwisha kutoroka nyumba kadhaa za malezi ya kambo akimtafuta mama yake, ambaye walipoteana kwenye uwanja wa michezo ya tamasha alipokuwa mdogo. Mchawi mzee anamrithisha nguvu zake. Billy akitamka neno moja, radi inapiga, naye anakuwa mwanamume mzima mwenye misuli na vazi jekundu. Neno hilo limeungwa kwa herufi za mwanzo za majina sita: Solomon, Hercules, Atlas, Zeus, Achilles na Mercury. Utani wote wa filamu umekaa humo. Hekima ya Solomon, yaani Mfalme Sulemani, imetangulia katika orodha, lakini ndiyo inayochelewa kuliko zote kumfikia. Nguvu za mikono anazipata siku hiyo hiyo, kisha anafanya yale ambayo kichwa cha miaka 14 kinaweza kuyawaza: ananunua bia, anaionja, anaitema, anachota pesa kwenye mashine ya benki, anacheza na radi mtaani ili watu wamtuze. Rafiki yake Freddy, anayetembea kwa gongo, anarekodi kila jaribio kwa video. Zachary Levi, anayemwigiza Billy akiwa mkubwa, anachekesha kwa sababu anasimama, anashangaa na kununa kama mtoto, huku mabega yakiwa ya mtu mzima.

Niliijua kupitia trela, na trela ilikuwa vicheko mwanzo mwisho. Sikujishughulisha kutazama nani kaiongoza. Ni David F. Sandberg, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtu wa filamu za kutisha: Lights Out ya 2016 na Annabelle: Creation ya 2017. Mtu anayelijua hilo hashangai kukuta chumba cha mikutano cha kampuni ambamo mazimwi yanawararua wakurugenzi mmoja baada ya mwingine. Sikuyatilia maanani hata madaraja ya umri. Marekani waliipa PG-13, onyo kwa wazazi wa walio chini ya miaka 13. Kwenye kumbi za Uingereza ikawa 12A, maana yake mtoto wa chini ya miaka 12 aingie na mtu mzima. Inachukua dakika 132, na hizo ni nyingi kwa mtoto wa miaka 6 hata kama angekuwa anatazama sungura wakila majani.

Kuna jambo jingine ambalo ningelijua kama ningeuliza mtu yeyote anayependa vitabu vya katuni, ambako Billy alitokea kwanza. Billy si mtoto wa familia aliyekuja kupewa historia ya huzuni baadaye. Katika toleo la kwanza kabisa, lenye tarehe ya Februari 1940, kazi ya mwandishi Bill Parker na mchoraji C. C. Beck, alikuwa yatima anayeuza magazeti na kulala katika kituo cha treni za chini ya ardhi. Kutokuwa na kwao ndiko kulikotangulia. Vichekesho vilijengwa juu yake. Nami niliipeleka hadithi hiyo katika nyumba yenye watoto 14 wasio na kwao, nikiamini nimewapelekea burudani.

Maandalizi

Tulikutana kwa robo saa. Dada alihofia kuiga: kwamba mtoto atatamka neno, atapanda mahali pa juu na kuruka. Hofu hiyo ina msingi, maana watoto wadogo huigiza walichokiona kabla hawajapima urefu. Tukaamua kuwaeleza kabla ya kuanza jinsi mtu anavyorushwa katika filamu: kamba na mikanda inayofutwa baadaye kwa kompyuta, na kitambaa cha rangi moja kinachobadilishwa kuwa anga. Mama alihofia bia na sehemu ambapo Billy, akiwa na sura ya mtu mzima, anaingia katika klabu ya watu wazima. Nikaahidi kuipeleka mbele kwa rimoti. Wadogo, tukasema, watatazama saa moja kisha watalala.

Hakuna aliyeuliza swali ambalo sasa naliona lingekuwa la kwanza: kati ya watoto hawa 14, hadithi hii ni ya nani?

Jioni ilivyokwenda

Maelezo ya kamba na kitambaa yaliwanoga kuliko tulivyotarajia. Filamu ikaanza. Mvulana alikaa safu ya nyuma, na ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote pale majambazi wanapompiga shujaa risasi na marafiki hawa wawili wanafurahia kama wamepewa zawadi.

Saa ya wadogo kulala ilipita. Tuliwaacha, kwa sababu kumtoa mtoto mahali wenzake wanapocheka ni kazi, na hatukuwa na moyo wa kuifanya. Ilipofika sehemu ya chumba cha mikutano, binti wa miaka 6 alijifunika blanketi usoni, kisha akachungulia. Dada alimbeba akamtoa. Kicheko kilichofuata kikamrudisha mbio.

Kisha ikaja sehemu ya mama. Zaidi ya saa moja imepita, Billy amepata anwani, amepanda hadi mlangoni, amebisha. Mwanamke anayefungua ndiye. Hakuwa amempoteza. Anamweleza kwamba alimzaa akiwa na miaka 17, kwamba siku ile alimwona akiwa salama mikononi mwa polisi, akafikiri wengine watamlea vizuri zaidi, akaondoka. Billy anamkabidhi dira ndogo aliyopewa naye siku ile kwenye tamasha, aliyoitunza miaka yote. Mama yake hata haitambui.

Ukumbi ulinyamaza. Kutoka nyuma nilisikia, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Hata dira hakuikumbuka."

Rimoti ilikuwa mkononi mwangu na nilikuwa na sekunde chache za kuamua. Kuzima kungegeuza vichwa 13 kumtazama yeye. Hakuwa amelia wala kuinuka. Niliiacha filamu iendelee, nikasogea nyuma, nikakaa sakafuni karibu naye bila kumtazama wala kumgusa. Dada, aliyekuwa mlangoni, alinipa ishara nizime. Sikuzima.

Mwishoni Billy anawagawia ndugu zake wa malezi nguvu zake, na watoto wote sita wanasimama wakiwa watu wazima wenye mavazi ya rangi rangi. Shangwe zikalipuka. Mvulana alitazama hadi majina ya mwisho, kisha akasaidia kupanga viti.

Swali la baada ya filamu

Nilikuwa nimeandaa mchezo mmoja: "Kama ungekuwa mtu mzima kwa siku moja tu, ungefanya nini?" Nilitarajia kuruka angani na kubeba mabasi. Hakuna hata mmoja aliyetaja kuruka. Mmoja alisema angelala anapotaka. Mwingine angejitilia sahihi mwenyewe fomu ya safari ya shule, asingoje mtu. Msichana mmoja alisema angekwenda kumchukua mdogo wake, "na wakiniuliza mimi ni nani, niseme mimi ndiye mkubwa."

Zamu ya mvulana ilipofika alisema: "Ningeingia ofisini, niseme mimi mtu mzima, nipeni faili la huyu mtoto nilisome."

Wenzake walicheka sana. Yeye pia alicheka. Ulikuwa utani mzuri, tena wa aina ile ile ya filamu: mtoto anajibeba mwenyewe kwa mwili wa kuazima. Mama naye alisikia kilichokuwa ndani ya utani huo, akataka kukifunika kwa upole. Akasema, "Si mmeona wenyewe? Familia ni wale wanaokupenda. Hapa ndipo nyumbani."

"Ndiyo, Mama," mvulana akasema, akaenda kulala.

Siku zilizofuata

Binti aliamka usiku mara mbili akilia na akalowesha kitanda. Alikataa kwenda chooni peke yake. Kumwambia "si kweli, ni kompyuta" hakukusaidia, na hilo ni kawaida kwa umri wake: kinachotisha ni sura, na sura haiondolewi kwa maelezo. Kilichosaidia ni taa ya ukumbini iliyoachwa ikiwaka, mtu wa kumsindikiza, na mchezo aliobuni Dada wa kumchora zimwi na kumvika kofia ya kuchekesha. Siku ya nne alilala.

Mvulana aliacha kwenda mpirani. Mara mbili alionekana amesimama nje ya mlango wa ofisi saa ya mapumziko, na alipoulizwa alisema amepotea njia, katika jengo aliloishi karibu miaka minne. Dada ndiye aliyelichukua jambo lenyewe. Hakumuuliza "una nini?", swali ambalo watoto wa makaoni wamelijibu "sina kitu" mara elfu. Alimuuliza, "Ungelisoma lile faili, ungetafuta nini?"

Akajibu papo hapo. "Kama aliniona."

Kilichokuwamo, na tulichoamua

Kwa miaka yote mvulana alikuwa ameambiwa kwamba mama yake alisafiri na anatafutwa. Hakuna anayekumbuka nani alianza kusema hivyo. Faili lilisema mengine. Mama yake mzazi alifika ofisini mwenyewe na kutia sahihi kumkabidhi mtoto. Miezi michache baadaye, kwa mwandiko wa mtumishi aliyekwisha kuondoka, mstari mmoja ulisema kwamba mama alifika, akamtazama mtoto akicheza, akaondoka bila kuonana naye.

Tulikaa watu wanne. Njia ya kwanza ilikuwa kungoja afikishe miaka 18. Ofisa aliielekea, na sababu yake haikuwa ya kipuuzi: amewahi kuona mtoto akiambiwa ukweli mzito na mtu ambaye kesho yake kahamishwa. Ya pili ilikuwa kumpa nakala asome. Ya tatu, kumweleza sisi wenyewe, kwa mpango, karatasi zikiwa mezani.

Tulichagua ya tatu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana, na Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu Malezi Mbadala, iliyopokelewa na Baraza Kuu mwaka 2009, inataka kila mtoto aliye nje ya familia awe na kitabu cha maisha yake, chenye habari na picha za kila hatua aliyopitia, kinachoandaliwa pamoja naye. Sisi tulikuwa na faili kuhusu mtoto. Kitabu cha mtoto hatukuwa nacho. Hata hivyo nikiri kwamba maandiko hayo tuliyatoa kabatini baada ya kuamua. Kilichotusukuma ni kwamba alikwisha kuuliza swali lenye jibu la ndiyo au hapana, na jibu tulikuwa nalo.

Mabishano makali yalihusu ule mstari wa mwandiko. Ofisa alitaka uachwe kwanza, sahihi inatosha kwa siku moja. Dada akasema: "Ameuliza kama alionwa. Tukimpa yote tukamnyima hilo tu, tutakuwa tumemjibu hapana." Tukakubaliana asomewe mstari huo pia.

Mambo mengine tuliyapanga kwa makini. Msemaji awe Dada, ofisa awe pembeni kwa ajili ya karatasi. Iwe Jumamosi asubuhi, ili apate mchana mzima wenye watu karibu, asipewe habari ile na giza. Anwani na habari za afya za mama zifunikwe, naye aambiwe wazi kwamba zimefunikwa na kwa nini. Na kabla ya yote, Dada aanze kwa kusema kwamba neno "alisafiri" halikuwa kweli na kwamba sisi tulikosea kulisema.

Matokeo

Alisikiliza bila kukatiza. Aliomba kuiona sahihi. Aliigusa kwa kidole. Uliposomwa ule mstari wa mwisho, aliuliza, "Nilikuwa nacheza nini?"

Hakuna aliyejua. Faili halikusema.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ngumu. Alipiga teke mlango wa jiko hadi bawaba ikalegea. Aliacha kumwita Mama "Mama". Alimwita "mlezi", tena mbele ya wageni, na yule mama wa watu aliumia kuliko alivyoonyesha. Kisha akarudi mpirani, bila tangazo. Mama alimwendea siku moja akamwambia kwamba usiku ule wa filamu alisema vile kwa sababu aliogopa swali lenyewe. Jina likarudi baada ya muda, siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana.

Baada ya miezi mitatu hivi alianza na Dada kitabu chake cha maisha. Kwenye ukurasa wa siku ile aliandika: "Nilikuwa nacheza mpira. Nadhani."

Kilichofaa na kilichoharibika

Nianze na swali la mchezo, kwa kuwa lilizaa zaidi ya lilivyokusudiwa. Hadithi ya mtoto anayepewa mwili wa mtu mzima huonekana kama ndoto ya nguvu. Waulize watoto wenyewe, na zaidi wale ambao maisha yao yanaamuliwa na vikao wasivyohudhuria, utaona misuli haimo. Wanataka sahihi. Wanataka kufika kwenye dirisha la ofisi na kuulizwa "nikusaidie nini?" badala ya "umetumwa na nani?" Utani uliwapa njia ya kulisema hilo bila kuonekana wanalalamika. Kosa letu lilikuwa kuucheka kama utani tu. Siku hizi, tukiuliza swali kama hilo, mmoja wetu anaandika majibu, na kesho yake tunayasoma tena bila kicheko.

Kauli ya Mama ndiyo niliyoifikiria zaidi. Haikuwa uongo, filamu yenyewe inaishia hapo hapo, Billy akiwakubali ndugu zake wa malezi kuwa familia. Lakini tazama njia inayopitia. Inamwacha atafute, akosee nyumba, apate anwani, apande ngazi, abishe hodi, afunguliwe mlango na kuumia. Anaporudi kwa ndugu zake, anatoka katika mlango alioubishia hodi mwenyewe. Sisi tulikuwa tumemtaka mtoto wetu akubali mwisho ule bila hodi. Alipojibu "Ndiyo, Mama", alichokisikia ni "usiulize tena".

Neno "alisafiri" lilituharibia zaidi ya filamu. Mtoto aliyeambiwa kwamba mama kasafiri hujipangia marejeo, na kila siku isiyo na marejeo anaihesabu kama hitilafu yake. Filamu ilimpa tu neno la kuulizia.

Kuhusu binti sina la kujitetea. Taarifa zilikuwapo, nazo zilitaka dakika tano za kusoma. Kuchanganya mtoto wa miaka 6 na wa miaka 14 mbele ya skrini moja kulitufaa sisi tuliokuwa na zamu, si wao. Sasa wadogo wana jioni yao, na kila filamu hutazamwa na mtu mzima mmoja hadi mwisho kabla ya kuonyeshwa, tena mtu anayewajua watoto, akiwa na orodha ya majina yao mkononi.

Maelezo ya kamba na kitambaa yalifaa. Hakuna aliyepanda darini. Jumamosi asubuhi ilifaa. Kumwonyesha mvulana sehemu zilizofunikwa kulifaa kupita nilivyodhani, kwani baadaye alimwambia Dada kwamba alijua wapi tumeficha, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuotea kwingine.

Limebaki lile la rimoti. Dada bado anasema ningezima: kwamba mtoto alikuwa akipokea habari ya maisha yake kutoka skrini, gizani, huku wengine wakitafuna bisi, na kwamba aibu ya vichwa 13 ingepita kwa dakika moja. Mimi bado nasema ningekaa pale pale sakafuni. Tumelijadili mara nyingi, na kila tunapopanga jioni mpya tunaamua kwanza nani atashika rimoti.